Mwanafunzi Asiye na Kengele

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, huzuka katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe shauri moja ambalo zamani halikuwapo. Zamani swali lilikuwa moja tu: kijana amepata nafasi, au hakupata? Siku hizi, hata akiwa amepata, wazee huulizana tena: je, aende Dar es Salaam, au Dodoma, au Morogoro, akakae darasani mbele ya mwalimu, au abaki nyumbani, ayasome masomo ya Chuo Kikuu kwa njia ya intaneti? Wala shauri hilo haliwahusu vijana peke yao. Yuko mwalimu wa shule ya msingi kule Sindeni atakaye digrii bila ya kuacha kazi yake. Yuko muuguzi wa Korogwe mwenye zamu za usiku. Yuko mama wa watoto watatu pale Mombo, aliyekatiza masomo alipoolewa, na sasa ataka kuyarudia.

Katika mashauri ya namna hii, aghalabu hesabu inayopigwa ni hesabu ya fedha. Kodi ya chumba, chakula na nauli ya basi huwekwa upande mmoja, na bando la simu huwekwa upande wa pili. Upande wa pili ukionekana mwepesi, shauri limekwisha. Hatusemi kwamba hesabu hiyo ni mbaya, maana fedha ya mkulima wa mahindi au ya mfanyakazi wa shamba la mkonge haiokotwi njiani. Lakini iko hesabu nyingine ambayo husahauliwa, na kusahauliwa kwake huleta hasara iliyo kubwa kuliko kodi ya chumba. Nayo ni hesabu ya tabia za mwanafunzi mwenyewe. Mwezi huu twapenda tuizungumze hesabu hiyo kwa utaratibu, kwa kuwa ada ikishalipwa na miaka miwili ikishapita, majuto ni mjukuu.

Kwanza yafaa tuiondoe dhana moja. Watu wengi hudhani ya kuwa kusoma bila ya kuonana na mwalimu ni jambo jipya lililoletwa na simu. Sivyo. Kabla hata ya Uhuru walikuwako makarani na walimu waliosoma kwa barua. Walipelekewa masomo kwa posta kutoka Uingereza na kwingineko, wakayajibu maswali usiku kwa taa ya mafuta, kisha wakangoja majuma mengi karatasi zao zirudi zimesahihishwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo asili yake ni tawi la Makerere lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1960, nayo ilianzisha masomo kwa njia ya posta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni mbili wakashiriki. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi imfikie kila mtoto, walimu hawakutosha. Basi makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini, wakisomesha watoto, na huku wenyewe wakijifunza kwa vitabu vya posta na vipindi vya redio. Mwisho, mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, nacho kikaanza kufundisha mwaka 1994, kikawa na vituo vyake mikoani, na Tanga ni mmojawapo wa mikoa hiyo.

Mipango hii yote ilifanana katika jambo moja. Watu wa Mtu ni Afya hawakuisikiliza redio kila mmoja peke yake chumbani. Walikaa kikundi, chini ya mti au katika jengo la shule, naye kiongozi wao akawa na kitabu mkononi. Kipindi kikiisha wakazungumza waliyoyasikia, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka majani. Walimu wale wa vijijini nao walikuwa na waratibu waliowatembelea, wakakaa nyuma ya darasa na kuwatazama wakifundisha; na kabla ya kuthibitishwa walikwenda chuoni kwa majuma machache, wakaonana na wakufunzi uso kwa uso. Chuo Kikuu Huria kiliweka vituo vya mikoa ili mwanafunzi apate mahali pa kukutana na wenzake na kufanyia mitihani. Hapana mpango hata mmoja katika hii uliomwacha mwanafunzi peke yake na karatasi, wala na sauti inayotoka katika sanduku. Darasa lilipoondolewa, waliowaza vizuri waliweka badala yake saa, au mtu, au mahali.

Kwa nini walifanya hivyo? Tutaelewa tukijiuliza darasa lenyewe humfanyia nini mwanafunzi. Watu hudhani ya kuwa darasa ni mahali pa kupokea maneno ya mwalimu. Ingekuwa ni hivyo tu, basi simu ingetosha, tena ingefanya vizuri zaidi, maana mwalimu wa darasani husema mara moja akanyamaza, na wa simuni waweza kumrudisha aseme mara kumi. Lakini darasa hufanya kazi nyingine ambayo haionekani. Lina kengele inayosema sasa ni wakati wa kuanza, na hiyo kengele haimwulizi mtu kama amechoka. Lina macho ya mwalimu yanayomwona aliyesinzia na aliyepotea. Lina jirani wa kiti kimoja, ambaye akiandika humtia haya mwenzake asiyeandika. Lina njia ya kutoka mlangoni mpaka bwenini, ambapo wanafunzi huelezana kwa lugha yao jambo ambalo mhadhiri alilisema kwa Kiingereza kigumu. Kila mzazi aliyepata kumpeleka mtoto chuoni kwa mwalimu wa Kurani ajua jambo hili. Mtoto hukaa mbele ya mwalimu wake, akasoma kwa kinywa chake, na mwalimu akamsahihisha herufi pale pale inapopinda. Msahafu ulikuwako nyumbani siku zote, na bado mtoto alipelekwa kwa mwalimu.

Kwa maneno mengine, darasa humwazima mwanafunzi tabia ambazo bado hana. Kijana asiyejua kuamka huamshwa. Asiyejua kupanga saa hupangiwa. Asiyethubutu kuuliza husikia swali lake likiulizwa na mwingine. Anayesoma peke yake kwa intaneti haazimwi kitu. Yampasa aje na tabia hizo tayari, au azipate nyumbani, au akose. Hii ndiyo tofauti kubwa iliyopo kati ya masomo ya namna hizi mbili, wala hatudhani ya kuwa iko nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Jambo hili limepimwa kwa hesabu katika nchi ambako masomo ya mtandaoni yalienea mapema. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, Di Xu na Shanna Smith Jaggars, walitoa uchunguzi wao juu ya vyuo vya jamii na ufundi katika jimbo la Washington. Waliangalia karibu masomo 500,000 yaliyochukuliwa na wanafunzi zaidi ya 40,000. Waliona ya kuwa wanafunzi wa kila namna walifanya vibaya kidogo katika masomo ya mtandaoni kuliko katika yale ya darasani, lakini hawakushuka sawasawa. Miongoni mwa waliozidi kushuka ni vijana wadogo kuliko watu wazima, wanaume kuliko wanawake, na wale ambao alama zao za nyuma zilikuwa hafifu. Mwaka 2017 wachunguzi wengine, Eric Bettinger na wenzake, walitoa habari za Chuo Kikuu cha DeVry, ambacho somo lile lile, lenye kitabu kile kile na mazoezi yale yale, hufundishwa kwa njia zote mbili. Huko nako waliosoma somo kwa intaneti walipata alama za chini zaidi katika somo hilo, na hata katika masomo yaliyofuata, wala hawakuelekea kubaki chuoni kama wenzao. Na wanyonge wa tangu mwanzo ndio walioumia zaidi.

Habari hizo ni za Marekani, nasi hatudai kwamba Handeni ni Washington. Lakini maana yake yaingia akilini popote pale. Mwenye nguvu akiondolewa fimbo hutembea bila fimbo. Aliyekuwa akiiegemea huanguka. Na hapa ndipo wazee wengi hukosea, kwa kuwa hufanya kinyume. Mtoto hodari, mwenye bidii, ndiye hupelekwa mbali kwa fahari akasome darasani. Yule aliyepata alama za kujikongoja huambiwa, “Wewe baki hapa, usome kwa simu, tuone.” Yaani yule ahitajiye kengele kuliko wote ndiye anayenyimwa kengele.

Basi ni tabia zipi hizo zipasazo kutazamwa? Twataja nne, ambazo mzazi aweza kuziona kwa macho yake bila ya kuwa msomi.

Ya kwanza ni kushika wakati bila ya kushikwa. Hatusemi kupanga wakati, maana kupanga ni rahisi. Kijana huchora ratiba nzuri kwa rangi tatu akaibandika ukutani. Twasema kuushika. Mtazame: je, huamka mwenyewe? Akipewa kazi ya siku nne, huianza siku ya kwanza, au usiku wa nne? Na tukumbuke ya kuwa chombo cha kusomea ni kile kile chenye mpira, nyimbo, soga na picha za marafiki. Mwanafunzi wa darasani akitaka kwenda sokoni yampasa ainuke atoke, na watu watamwona. Wa simuni soko limo ndani ya daftari lake, na hapana amwonaye akitoka.

Ya pili ni ujasiri wa kuuliza. Darasani mwalimu mzuri huzisoma nyuso, akajua ya kuwa hawajaelewa, akarudia. Kwenye intaneti uso hauonekani. Asiyeandika swali hukaa na giza lake mpaka siku ya mtihani. Watoto wetu wengi wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na adabu hiyo ni njema mahali pake. Lakini mwanafunzi aliyekaa kimya kwa sababu ya haya huidhulumu nafsi yake. Hata hivyo, jambo hili lina upande wake wa pili. Wako wanafunzi wenye haya ya kusema mbele za watu, au wenye kigugumizi, au wazito wa kufikiri kwa haraka, ambao darasani hawakupata kufungua kinywa miaka mitatu. Hao wakipewa nafasi ya kuandika swali lao kwa utulivu usiku, huandika maswali mazuri kuliko wasemaji wote. Kwa watu wa namna hiyo masomo ya mtandaoni ni faraja, na haifai kuwanyima.

Ya tatu ni kusoma maandishi marefu, tena kwa Kiingereza. Masomo ya Vyuo Vikuu vyetu, ila machache, hufundishwa kwa lugha hiyo. Darasani udhaifu wa lugha huzibwa kwa njia nyingi: mhadhiri hueleza kwa mkono na kwa ubao, mara nyingine huchomeka neno la Kiswahili, na wenzako hukufasiria. Anayesoma peke yake hana ila ukurasa. Mtu anayechoka baada ya kurasa mbili atachoka kila siku, na uchovu wa kila siku huzaa kukata tamaa. Hili si jambo la akili. Ni jambo la mazoezi, na dawa yake ni kusoma kurasa nyingi kabla ya kuanza, siyo baada ya kushindwa.

Ya nne ni kujua kwa nini asoma. Mwalimu wa Sindeni ajua: ataka kupanda daraja, na leo jioni ataisoma habari ya malezi ambayo kesho asubuhi ataijaribu katika darasa lake. Kila ukurasa una mahali pa kutua. Hii, kwa maoni yetu, ni sababu mojawapo ya watu wazima kustahimili masomo ya mbali kuliko vijana. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyechaguliwa somo na mjomba wake, asiyejua litampeleka wapi, darasani angebebwa na wenzake mpaka fahamu zimjie. Peke yake nyumbani, mvua ya kwanza ikinyesha, na mtandao ukipotea siku mbili, huifunga simu asiifungue tena.

Hapo tulipotaja mtandao, yatupasa tuwe waadilifu. Si kila kushindwa ni kwa tabia. Kijiji kikikosa umeme, na simu ya nyumba nzima ikiwa moja, na bando likiisha tarehe kumi, mwanafunzi hodari naye hushindwa, na si haki kumwita mvivu. Twakumbuka Vyuo Vikuu vilipofungwa tarehe 18 Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mpaka vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Wanafunzi walirudi makwao, na wengi wao hawakusoma kitu, si kwa kuwa hawakupenda, bali kwa kuwa huko walikorudi hapakuwa na chombo, wala mtandao, wala mahali pa kukaa. Kwa hiyo mzazi asianze kupima tabia kabla ya kupima vyombo. Lakini vyombo vikiwapo, na mtoto bado hasomi, hapo ndipo penye swali letu.

Sasa twafikia jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuishike kalamu mwezi huu: nalo ni habari ya mabinti. Wako wazazi katika wilaya zetu hizi ambao huyapenda masomo ya mtandaoni kwa sababu humweka binti nyumbani, chini ya macho yao. Hatuwalaumu kwa kuwa na hofu juu ya binti zao. Lakini hebu tutazame siku ya binti huyo ilivyo. Alfajiri huteka maji na kufagia. Asubuhi hupika chai na kuwaandaa wadogo zake. Mchana huenda shambani au hukaa na mgonjwa. Jioni hupika tena. Wageni wakija, yeye ndiye huinuka. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam hakuna amwitaye katikati ya kipindi aende akachambue mchele. Lakini yeye, kwa kuwa haonekani kuwa yuko shuleni, huitwa mara saba kwa saa moja. Saa nne za usiku, nyumba ikilala, hufungua somo lake na macho yake yamekwisha kufumba. Mwisho wa mwaka akishindwa husemwa, “Hana kichwa cha shule huyu,” na maneno ya kuozwa huanza.

Tukumbuke yale tuliyoyataja juu: kule Washington wanawake walistahimili masomo ya mtandaoni kuliko wanaume. Yamkini binti zetu nao wana saburi hiyo na utaratibu huo, pengine kwa wingi zaidi kuliko kaka zao. Kilichopungua si tabia yake bali ni saa zake, nazo zimechukuliwa na watu wa nyumba yake wenyewe. Kumwacha binti asome nyumbani, kisha asiachiwe saa za kusoma, ni kumlipia ada kwa mkono mmoja na kumnyang’anya elimu kwa mkono wa pili. Kusoma nyumbani si kukaa nyumbani. Baba na mama wasioweza kulikubali neno hili ni afadhali wamtafutie bweni la wasichana lililo na ulinzi mzuri, hata likiwa mbali, kuliko kumweka karibu na kumkosesha.

Baada ya kusema hayo, twaona si vema tuwaache wasomaji wetu bila ya njia. Shauri letu la kwanza ni kujaribu kabla ya kulipa. Baina ya mtihani wa kidato cha sita na kufunguliwa kwa vyuo ipo miezi ya kungoja. Mwanafunzi apewe kitabu cha somo analolitaka, au masomo ya bure yapatikanayo katika intaneti, akubaliane na wazazi saa mbili za kila siku kwa muda wa majuma manne. Katika majuma mawili ya kwanza asikumbushwe na mtu. Katika mawili ya mwisho akumbushwe saa ikifika. Kila jioni aeleze kwa dakika tano, kwa Kiswahili, alichokisoma siku ile. Mwezi ukiisha, mambo matatu yataonekana. Akisoma bila ya kukumbushwa, huyo aweza kusoma popote. Akisoma pale tu alipokumbushwa, huyo aweza kusoma nyumbani iwapo nyumba itakubali kuwa kengele yake. Akikumbushwa na bado akajificha, basi ama aende darasani, ama angoje mwaka mmoja akomae kwa kazi. Jaribio hili ni la bei ndogo, na hasara litakalozuia ni kubwa.

La pili ni kutokubali upweke. Wanafunzi watatu au wanne wa mji mmoja, hata kama wanasoma masomo tofauti, wakutane kila Jumamosi mahali pamoja, Korogwe mjini au Handeni, kila mtu na kazi yake. Mmoja akikosa, aulizwe. Hiki si kitu kigeni. Ni kile kile kikundi cha redio cha mwaka 1973, ila redio imekuwa simu. Na mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria asione tabu kukifikia kituo cha mkoa pale anapoitwa kuonana na walimu. Mtu wa Handeni atasema njia ya kwenda Tanga ni ndefu, naye asema kweli. Lakini siku moja ya kuulizana uso kwa uso huweza kufungua mafundo ya mwezi mzima.

La tatu ni kulitazama somo lenyewe. Yako masomo yasiyokubali kusomwa kwa kioo peke yake. Mkono wa mkunga haufundishwi kwa picha, wala maabara haifunguliwi katika simu. Anayetaka masomo ya namna hiyo lazima apate mahali pa kuyafanyia kwa vitendo. Masomo ya sheria, ya biashara, ya historia au ya malezi hukubali zaidi. Na kabla ya kutoa hata senti moja, mzazi aulize kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, kwa kuwa katika intaneti kila duka lina kibao kizuri.

La nne, na ndilo la mwisho, lawahusu wazazi ambao wenyewe hawakusoma sana, ambao hudhani ya kuwa hawana la kumsaidia mwana wao wa Chuo Kikuu. Wanalo. Si lazima mama ajue hesabu za uchumi ndipo aweze kusema, “Saa yako imefika, mwanangu, maji atateka mwenzio leo.” Si lazima baba ajue Kiingereza ndipo aweze kuuliza, “Leo umesoma nini? Nieleze nami nielewe.” Nyumba zetu tayari zina kengele zake: siku imegawanywa kwa swala tano, na kila mtu wa nyumba azijua bila ya kutazama ukuta. Saa moja baada ya Alfajiri na saa moja baada ya Isha, zikilindwa kwa kweli na zisivunjwe kwa mgeni wala kwa kazi ndogo, hufanya saa kumi na mbili katika juma, bila ya kuihesabu siku ya Jumapili. Huo ni wakati wa kutosha kulibeba somo moja na kulifikisha.

Tabia tulizozitaja hazikuandikwa usoni mwa mtu zisibadilike. Hufundishwa, huzoezwa, na hukua. Aliye dhaifu leo, akipewa kengele ya darasa au ya nyumba kwa mwaka mmoja au miwili, huja kujipigia mwenyewe. Lakini haikui tabia kwa kununuliwa simu. Basi fedha ile ambayo mzazi ameiokoa kwa kutolipa kodi ya chumba mjini asidhani kuwa ni faida tupu. Baadhi yake imegeuka deni, na deni hilo hulipwa kwa saa, kwa utulivu na kwa kuulizwa, hapo hapo nyumbani, kila siku ya Mungu mpaka mwanafunzi amalize. Mwenye nyumba aliye tayari kulilipa na alichague somo la mtandaoni bila ya hofu. Asiye tayari na ampeleke mwanawe palipo na kengele.